Tamar Alderson na Kuvumwani Yenye Jina Langu

Kuna mmea duniani unaoitwa kwa jina langu. Si mti wa kivuli, wala si ua la kumpelekea mchumba. Ni kuvumwani, ule uoto laini wa kijani unaotambaa juu ya mawe yenye unyevu, na ukitaka kuuona sawasawa inabidi ulale kifudifudi na kioo cha kukuzia jichoni. Lakini umo kitabuni, kwa Kilatini, na hilo jina langu la Hoyle limevishwa mkia wa Kilatini likapendeza kweli. Wageni wakifika hapa kijijini Skelgarth, Uingereza, huniuliza niliugunduaje. Huwajibu kwamba niliugundua kwa kuukanyaga miezi minne na kuwaagiza mafundi wawili waukwangue wautupe. Wanacheka. Wanadhani ni unyenyekevu wa kasisi.

Anayestahili kuelezwa ni Tamar Alderson. Nitamweleza, ila mtanivumilia nikijitokeza humo mara kwa mara, kwa sababu katika habari zake mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kila mara mahali pasipotakiwa mtu.

Tamar alikuwa mzibaji. Nyumba za bonde letu zimeezekwa kwa vigae vya mawe, na kati ya kigae na kigae upepo wa Januari hupenya ukipiga mluzi. Basi kila vuli mzibaji hupanda na gunia la kuvumwani na chuma bapa, akaishindilia kwenye nyufa, nyumba ikanyamaza. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Jonas, mpaka siku alipoteleza kwenye paa la kinu cha kusaga akafa. Walimzika Alhamisi. Jumatatu Tamar alichukua chuma kilekile akapanda paa lilelile, maana lilikuwa limeachwa nusu. Alipoulizwa kama haogopi, alisema anachoogopa ni mvua kuingia kwenye unga wa watu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye vidole vyekundu, na kama wanawake wote wa huku alifuma soksi akitembea, akipanda mlima, akigombana na mtu. Hakujua kusoma. Herufi aliyoifahamu ni moja tu, T, aliyofundishwa na Jonas ili aipake kwa lami kwenye magunia yake yasichanganywe na ya wenye sufu. Aliipaka kubwa, imeegemea upande kidogo, na ungeiona kutoka ng'ambo ya mto.

Ndipo nikaja mimi, mwaka 1811, kasisi kijana mwenye masanduku matatu ya vitabu. Nilikuwa na ugonjwa wa zama zile, ugonjwa wa kuandikiana barua na wataalamu. Nchi nzima ilikuwa imeupata. Daktari wa Cornwall alimtumia mwalimu wa Durham konokono, mwalimu akamrudishia mende, na wote wawili wakajiona wameisukuma dunia mbele. Mimi nilijitia kwenye kangaga, yale majani yasiyotoa maua yanayoota penye unyevu. Niliyemwandikia alikuwa Bwana Peregrine Fettiplace wa Norwich, mtu mkubwa aliyekuwa akitoa kitabu, sehemu baada ya sehemu, juu ya mimea yote ya ufalme isiyo na maua. Barua zangu kwake zilikuwa kurasa nane. Zake kwangu zilikuwa mistari minne. Nilizisoma hiyo minne mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Siku zile anayepokea barua ndiye anayeilipia. Kwa hiyo kila nilipomwaga ufasaha wangu, ni yeye kule Norwich aliyetoa pesa mfukoni. Jambo hilo halikunijia akilini hata mara moja mpaka Tamar aliponitajia.

Kiangazi cha 1814 niliamua kuliendeleza kanisa. Nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikawaambia kwamba kuziba paa kwa majani ni mambo ya kale, na kwamba karne hii ni ya chokaa. Caleb Fawcett, mzee wa kanisa aliyekuwa na kondoo wengi na maneno machache, alikuna shingo.

"Na Tamar je?" akauliza. "Kanisa ndiyo kazi yake ya vuli nzima."

"Tamar tutamtafutia kitu," nikasema.

Kitu chenyewe kilikuwa kufua nguo zangu na kufunga vifurushi vyangu vya mimea. Nilijisifu kwa ukarimu huo. Mafundi walikwangua upande wa kusini wa paa, kuvumwani ikaanguka uani ikafanya kichuguu, nami nikapita juu yake kila siku kwenda kanisani. Upande wa kaskazini tuliuacha kwa masika yajayo. Tamar alikuja na magunia yake akakizoa kichuguu kile taratibu, bila kuniangalia.

"Unazipeleka wapi takataka hizo, Mama?" nikamwuliza, nikitania.

"Nyumbani, Kasisi," akasema. "Zimelilinda kanisa miaka arobaini. Siwezi kuziacha zikanyagwe na viatu vya mtu."

Sikuelewa kwamba viatu vyenyewe ni hivi nilivyovaa.

Oktoba nilimpelekea Bwana Fettiplace sanduku la kangaga sitini, kazi ya miaka mitatu, kila moja na kikaratasi chake. Tamar ndiye aliyelifunga. Nilimwambia ajaze nafasi kwa chochote laini. Baada ya wiki tatu tarishi alileta jibu, na kwa mara ya kwanza lilikuwa ukurasa mzima. Nilikaa chini kabla ya kulifungua, kama mtu anayesubiri kuambiwa amerithi shamba.

Kangaga zangu, aliandika, zilikuwa za kawaida zote, na nusu zilifika zimepondeka. Lakini kuvumwani iliyofungiwa! Hajaiona kwingine kokote. Je, ni mimi niliyeiokota? Wapi? Lini? Bila vifuko vya mbegu hawezi kuipa jina, na sehemu ijayo ya kitabu inaingia kiwandani kuchapwa mwanzoni mwa Machi. Kama nitampelekea yenye vifuko kabla ya hapo, aliandika, basi "jina lake halitatafutwa mbali na mikono iliyoiokota."

Lazima niwaeleze maana ya maneno hayo kwetu sisi wagonjwa. Mtaalamu haruhusiwi kuupa mmea jina lake mwenyewe. Ni aibu kubwa kuliko kuiba sadaka. Unachoweza kufanya ni kumtumia mwenzako, ukajifanya hujali, ukakaa miaka ukiomba Mungu yule mwenzako aupe jina lako bila kuambiwa. Na mimi nilikuwa nimeomba sana, wakati mwingine hata pale ibadani nilipotakiwa kuwaombea wagonjwa.

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba naam, niliiokota kwa mkono wangu mwenyewe, tarehe tisa Oktoba, kwenye mwamba wa upande wa kaskazini wa mlima wetu, peke yangu, katika ukungu. Ukungu niliutia kwa sababu ulinipendeza.

Kilichobaki ni kuitafuta. Nilipanda mlima ule Novemba yote na Desemba yote. Nilizama kwenye kinamasi hadi kiunoni nikavutwa na mchungaji wa kondoo aliyeniuliza kama nimepotelewa na mnyama. Nilipeleka Norwich vifurushi vitatu. Cha kwanza, alijibu Bwana Fettiplace, ni kuvumwani iliyoko kwenye kila ukuta wa Uingereza. Cha pili ni hiyohiyo, ila imelowa zaidi. Cha tatu, kwa masikitiko yake, ni sufu ya kondoo iliyoota ukungu. Ukungu wangu ulikuwa umenifuata.

Februari maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaenda nyumbani kwa Tamar. Nilimkuta kando ya moto wa udongo mkavu wa kinamasi, mkate mwembamba wa shayiri ukikauka juu ya kamba, sindano zake za kufumia zikienda.

"Mama Tamar," nikaanza, "kuvumwani ile uliyofungia sanduku langu, uliitoa wapi?"

"Sanduku lipi?"

"La kangaga."

"Aa, lile la majani yaliyokufa." Sindano hazikusimama. "Kwani amelalamika?"

"Hapana. Ameipenda. Anasema haijulikani."

"Haijulikani na nani? Mimi naijua, ni ile niliyoizoa uani kwako kanisani. Ni ya kuzibia upande wa mvua. Ina nywele ngumu, haiozi upesi. Jonas aliitoa kwenye jabali la kule juu, kabla hawajalipasua kutengeneza barabara. Sasa wewe ulimjibu nini?"

Nilijaribu kuuma maneno. Akanitazama tu. Nikajikuta nimetoa nakala ya barua yangu mfukoni, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuweka nakala za barua zangu na kuzisoma upya nikizifurahia. Nikamsomea. Nilipofika kwenye tarehe akainua kidole.

"Hapohapo. Tarehe tisa Oktoba?"

"Tarehe tisa."

"Ile ilikuwa Jumapili, Kasisi. Jumapili ya kwanza paa lako la chokaa kuvuja. Ulikuwa mimbarini, maji yanakutiririkia shingoni, unatuhubiria. Ulihubiri nini vile?"

Nilikumbuka vizuri. Nilihubiri juu ya kusema kweli. Uso wangu ulimjibu, akacheka hadi akaangusha mshono mmoja, jambo ambalo watu husema halijawahi kutokea.

"Subiri kwanza," akasema, akijifuta macho. "Barua analipia nani? Wewe?"

"Anayepokea."

"Kwa hiyo yule bwana wa watu anatoa hela yake ili adanganywe?"

"Ukiliweka hivyo, Mama..."

"Niliweke vipi tena?"

Nikamwambia kila kitu: vifuko vya mbegu, Machi, kitabu, na jina. Hapo kwenye jina sindano zilisimama.

"Yaani akiandika jina la mtu mle, halifutiki?"

"Halifutiki. Hata miaka mia mbili."

"Jonas hana hata jiwe la kaburi," akasema. "Sikuwa na uwezo." Kisha akaniambia sharti lake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tunapatana bei ya soksi. "Utamwandikia ukweli. Utamwambia aliyeiokota ni Tamar Alderson, mzibaji wa Skelgarth. Na chokaa utaiondoa. Ukikubali, vaa viatu vya maana."

Nilikubali. Haki ya Mungu sijui kama nilimkubalia yeye au nilivikubalia vifuko vya mbegu.

Nilidhani tunakwenda mlimani. Tulikwenda kanisani. Alisimika ngazi upande wa kaskazini, ule ambao nilikuwa nimeshaupangia chokaa kwa masika, akanionyesha kwa kidevu kwamba nipande. Nilipanda nikiomba kwa sauti. Na pale juu, kwenye kila ufa, juu kabisa ya mimbari ninapohubiria, ilikuwa imejaa tele: kijani iliyokolea, imesimamisha vifuko vidogo vyekundu kama vichwa vya pini. Nilikuwa nimeitafuta miezi miwili kwenye kinamasi, nayo ilikuwa imenikalia kichwani kila Jumapili.

"Ndiyo hiyo?" Tamar akauliza kutoka chini.

"Ndiyo hii!"

"Basi shuka polepole. Jonas naye aliteleza akiwa na furaha."

Siku ileile nilipeleka kifurushi Norwich, pamoja na kikaratasi chenye mstari mmoja: maelezo yanafuata. Kisha nikakaa kuandika maelezo. Niliyaandika vizuri, ukweli mtupu, Jumapili na sufu na vyote, na jina lake kamili. Nikaikunja barua, nikaitia lakiri, nikaiweka juu ya rafu.

Ikakaa pale siku nane. Ningeweza kuwaambia kulikuwa na theluji, na kweli ilikuwepo, ila tarishi alipita mara tatu katikati yake. Siku ya kwanza nilisema lakiri haijakauka. Siku ya pili nilisema kesho. Siku ya tano niliifungua nikaongeza nukta. Kila nilipoitazama niliona ukurasa wa kitabu kikubwa na jina la mfua nguo wangu juu yake, nikaona na wataalamu wa ufalme mzima wakinicheka, na moyo ukaniambia ngoja kidogo. Siku ya nane nilimpita Tamar njiani, akanipungia sindano, akasema, "Umeshamwandikia yule bwana, Kasisi?" Nikasema ndiyo. Nikarudi mbio nikaipeleka.

Aprili kitabu kilifika, na barua ndani yake. Bwana Fettiplace alikuwa mwungwana. Aliandika kwamba alisoma ungamo langu kwa huzuni na, asinifiche, kwa kicheko. Lakini kiwanda kilimaliza kazi siku tano kabla halijamfikia. Kuvumwani imeshatoka kwa jina la Hoyle, na jina lililotangulia kuchapwa ndilo linalosimama. Hiyo ndiyo sheria yao. Hata hivyo, kwa kujali haki, ameongeza mstari kwenye karatasi ya masahihisho, mwisho wa kitabu. Niliusoma. Ulisema: "Iliokotwa na mtumishi wa Kasisi Hoyle."

Tamar alifika saa sita mchana kuchukua nguo chafu. Alikuwa amevaa kilemba chake cha kanisani, siku ya Jumanne. Mtaani walikuwa wameshamwambia kitabu kimekuja.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamfungulia karatasi ya masahihisho, nikaweka kidole kwenye mstari. Na hapo, mbele za Mungu, nikamsomea: "Iliokotwa na Tamar Alderson, mzibaji wa Skelgarth."

"Rudia."

Nikarudia. Alitabasamu kidogo, akafuta kidole chake kwenye aproni, akakipitisha juu ya mstari ule kwa uangalifu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudi mwanzo. Kisha akarudi tena.

"Kasisi," akasema, "T yangu iko wapi?"

Nilitamani paa linidondokee.

"Natafuta ile kubwa," akasema. "Ya magunia. Hapa naona vijidudu vidogo tu."

"Haipo, Mama," nikasema. "Nilikaa na barua siku nane. Niliogopa kuchekwa. Walichapa kabla haijafika. Hapa wameandika mtumishi wangu."

Nilitegemea matusi, na huku kwetu yapo mazuri. Hakutukana. Alikifunga kitabu, akaweka mkono juu ya jalada, na uso wake ukazeeka nikiwa namwangalia. Nililia, na sioni haya kulisema, ingawa kulia kwangu hakukumfaa mtu.

"Siku nane," akasema mwishowe. "Mimi nilikaa nne kwa Jonas, nikapanda." Akainuka akachukua kapu la nguo. "Na chokaa?"

"Nimesema nitaiondoa."

"Utaiondoa wewe. Kwa mikono hiyo."

Basi Mei yote watu wa Skelgarth walipata burudani ya bure: kasisi wao juu ya paa la kusini akikwangua chokaa aliyoihubiri, na chini yake Caleb Fawcett akila jibini na kuniambia nimeacha kipande. Tamar alipanda na magunia yake. Mimi nilimpokeza kuvumwani, yeye akaishindilia. Siku ya kwanza hakunisemesha. Ya pili alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete Hoyle," akasema.

"Nini, Mama?"

"Si ndiyo jina lake? Lete Hoyle hapa, pana ufa." Nikampa konzi moja, akaisukumiza chini ya kigae kwa kile chuma, akagonga mara mbili. "Haya. Angalau humu utazuia mvua."

Toka siku hiyo, kila mtu bondeni akaiita hivyo. Nimesikia mama akimwambia mumewe apande akazibe na Hoyle, na akiona Hoyle imeoza atoe atupe.

Tamar aliziba kanisa letu vuli sita zaidi. Alikufa kitandani kwa homa ya mapafu, jambo ambalo angeliita uzembe. Nilimwekea jiwe, yeye na Jonas pamoja, karibu na ukuta wa kaskazini kama alivyotaka, na nikamwambia mchongaji aifanye T kubwa, iegemee upande kidogo. Alibisha kwamba itaonekana kosa lake. Nikamwambia aandike chini kwamba ni langu, akadhani natania.

Sasa nina miaka sitini na minane, siandikii wataalamu tena. Ila paa lile la kanisa hudondosha kuvumwani, upande wa mvua, na kinachodondoka hushika kwenye jiwe na kuota. Kila mwezi wa Aprili, jina langu linakuwa limelifunika jina lake. Huenda na kisu cha siagi, nikapiga magoti, nikaanza kulikwangua kutoka kwenye T. Huchukua asubuhi nzima, na mwaka unaofuata nalikuta limerudi.